Gunnvor Aliyeruka Kabla ya Mashindano

Kwetu Vasstveit, bonde la ndani kabisa la Norwe, Gunnvor Haugland alikuwa mfuma sweta, ila sifa yake ilikuwa kuruka. Mashindano ya kuruka kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, yalipofika, yeye ndiye aliyetangulia kushuka mlimani, kuishindilia theluji ya njia kabla ya wanaume. Akifika ukingoni mwa njia alijirusha, akalala juu ya hewa, akaenda kutua mbali huko chini. Hakuna aliyempimia umbali. Wanawake hawakuruhusiwa kushindana. Daktari wa chama cha mchezo huo alidai kuruka kungewaharibu kizazi. Gunnvor alizaa wanne na akaendelea kuruka.

Watu waliwahi asubuhi na kahawa zao ili wamtazame yeye tu. "Haya, Gunnvor, waoneshe hao wenye ndevu!" Alikuwa mtu wao, na wao walikuwa watu wake.

Alipovuka arobaini, Tarjei, mwenyekiti wa chama pale bondeni, alimjia nyumbani, kofia mkononi.

"Dada Gunnvor, wakubwa wamelegea. Wakipatikana wanawake watatu, watashindana na watapimwa. Mabinti wawili wapo. Wa tatu ni wewe."

"Mmenikumbuka leo, magoti yakishaanza kulia?"

"Sikukataa mimi peke yangu, dada."

"Basi karukeni na mama zenu."

Kesho yake akaja Sunniva, binti wa mwenye kiwanda cha mbao, mmoja wa wale wawili. Hakuvua hata viatu.

"Shangazi, mimi nimejifunza kwa kukuangalia wewe. Ruka hata ovyo. Ukianguka tutakuokota. Tunachotaka ni kutimia watatu."

Gunnvor hakuinua macho kwenye sindano zake. "Waache nao waonje kuomba. Mwakani, mwanangu."

Mwaka uliofuata wakubwa walikuwa wengine, na ruhusa ikafutwa. Sunniva akaenda Bergen, akaajiriwa kwenye kiwanda cha samaki, akaolewa hukohuko. Hakuruka tena.

Miaka mingi ilipita hadi wasichana wakaruhusiwa. Gunnvor, bibi kizee sasa, alialikwa kufungua mashindano yao. Walikuwa wa kila namna: kiziwi aliyeruka akiongozwa na bendera, Msami, wa wenyeji wafugaji wa kaskazini, mtoto wa wakimbizi waliohamia juzijuzi. Kila aliyetua alishangiliwa kama amezaliwa bondeni. Kisha umati ukageuka ukaliimba jina la Gunnvor.

"Machozi ya furaha hayo, dada," Tarjei alimwambia.

"Sunniva alikuwa anaruka kunishinda," akajibu. "Nilimwona, nikanyamaza, nikamnyima nafasi yake."

Jioni ile alitafuta namba, akapiga simu Bergen. Sunniva alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upole.

"Shangazi, yaliyopita si ndwele."

"Kwangu mimi ni ndwele, mwanangu," alisema Gunnvor.

Sunniva hakubisha. Akaanza kumuuliza habari za theluji ya mwaka huu.