Mwisho wa Riwaya ya Msiba

Mimi nikishika jambo sishiki kwa vidole viwili. Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa mwalimu mgeni wa fasihi katika shule moja ya sekondari huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, na niliamua kidato cha tatu kisome riwaya ya dini: mke anakufa, mume anagombana na Mungu karibu kitabu kizima, mwishowe anapiga magoti. Naibu wa mkuu wa shule hakuipenda.

"Hayo ni mahubiri, si fasihi," alisema. "Watoto waje shuleni kulizwa? Kwani kanisani hawalizwi vya kutosha?"

Nikamjibu mbele ya walimu wote kwamba fasihi isiyoweza kukaa matangani haina kazi. Jamani, nilivyojipenda siku hiyo! Mkuu akakubali. Naibu akanong'ona, "Haya, ukilikoroga utalinywa."

Nakala zilikuwa nane kwa wanafunzi arobaini, kwa hiyo walizichukua nyumbani kwa zamu. Nami nikaamuru: someni kwa sauti. Niliamini lugha huingia mdomoni kabla ya kuingia kichwani.

Darasani mlikuwa na msichana wa mtaa wa Buruburu aliyefiwa na mamake likizo ya Agosti. Nilimwita kando, nikamwambia ningempa kitabu kingine.

"Nataka hichohicho, mwalimu," akasema.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimwona kama ushahidi wangu dhidi ya naibu.

Wiki mbili baadaye babake akaja shuleni. Alikuwa karani wa reli na mzee wa kanisa, shati jeupe kalipiga pasi mwenyewe, na ilionekana. Nikaanza kujitetea hata hajaketi: "Mzee, kitabu hiki hakimtukani Mungu..."

"Sijaja kuteta, mwalimu. Nimekuja kuuliza kinaishaje."

Akanieleza. Walipompeleka marehemu kwao magharibi kuzikwa, walimwachia jirani kitinda mimba wao, msichana wa miaka sita. Wakubwa walisema safari ni ndefu na mtoto ni mdogo, ataambiwa akikomaa. Waliporudi wakamwambia mama amebaki kijijini, anaugua, atakuja. Sasa dadake, yule mwanafunzi wangu, alikuwa akisoma kwa sauti sebuleni kila jioni, kama nilivyoamuru, na mdogo ameketi kando yake akisikiliza. Kisha zamu ya dada ikaisha, kitabu kikarudi shuleni kabla hawajafika mwisho.

"Tangu juzi huyu mdogo hataki kula. Anauliza yule mama wa kitabuni atatoka kaburini lini."

"Hatoki," nikasema. "Mume anapatana na Mungu, lakini mke hatoki."

"Nimejaribu kumwambia, nimeshindwa. Dadake naye analia tu. Wewe uliyekileta kitabu, njoo umwambie."

Nilitaka kukataa. Lakini ningemkataliaje mtu yule? Kengele ya mwisho ilipolia nikafuatana naye mpaka Buruburu.

Mtoto alikuwa mezani, miguu haifiki chini, sahani ya ugali mbele yake haijaguswa. Dadake aliponiona akaingia jikoni. Nilichuchumaa kando ya kiti. Mimi niliyewanyamazisha walimu wote nilimwachia mtoto aanze.

"Wewe ndiye mwalimu wa kitabu?"

"Ndiyo, mama."

"Anatoka?"

"Hapana. Aliyezikwa hatoki."

Akafikiri. "Na mama yangu amezikwa?"

Nikamtazama babake nikimwomba kwa macho aseme yeye. Alikuwa amegeukia dirisha.

"Ndiyo," nikasema. "Amezikwa."

"Nani alimzika?"

"Baba, na dada, na jamaa zenu wote."

Hakulia. Aliteremka kwenye kiti, akaenda akamshika babake suruali, akaivuta mpaka mzee akageuka.

"Baba, na mimi nilikuwa wapi?"