Mkia wa Mzee Sifael

Kila Krismasi pale Bombo, ukoo wa mzee Sifael hula kondoo, na ule mkia wake uliojaa mafuta hupelekwa kwa mzee kabla mtu hajagusa chakula. Wajukuu humtazama mpaka ameze. Naye humeza, ingawa hakuna kitu duniani anachokichukia kama mkia wa kondoo.

Wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mkewe Yudith alimtuma mnadani Same akanunue mbuzi wa sikukuu. Akanunua, tena beberu aliyenona. Ila akakutana na marafiki, makaa yalikuwa karibu, na kufika alasiri mbuzi kabaki pembe. Lembris, mfugaji wa tambarare aliyemuuzia, akamwonea huruma, akampa kondoo mzee aliyekosa mnunuzi.

"Kwetu Krismasi hatuli mbuzi," Sifael alimwambia mkewe bila kupepesa macho. "Yesu ni Mwanakondoo. Tangu mababu tunakula kondoo."

Mababu wenyewe waliisikia Krismasi wakiwa wazee, lakini nani angewauliza? Uongo ukaota mizizi. Watoto wakaukuta, wajukuu wakaurithi, na mwaka juzi mwinjilisti akausifu kanisani kuwa mila ya kuigwa. Siku hizi hata majirani wanakula kondoo.

Krismasi iliyopita mzee alichoka. Miaka arobaini na moja! Alitaka ubavu mmoja tu wa mbuzi kabla hajafa. Mkia ulipotua mbele yake, akausukuma, akatubu yote mbele ya ukoo: marafiki, makaa, pembe.

"Baba, usiitukane mila," alisema Wilbard, mwanawe mkubwa, kwa ukali kabisa.

Yudith ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Mwacheni, anasema kweli. Mke wa Lembris alinieleza kabla hata hatujamchinja yule kondoo."

Sifael akamgeukia. "Ulijua? Na miaka yote hii ukanyamaza?"

"Sikunyamaza, Baba Wilbard. Mila ya kondoo uliileta wewe. Hii ya mkia kuwa wa baba mwenye nyumba, uliisikia kwa nani?"

Mzee akafikiri. Akarudi nyuma Krismasi moja moja mpaka ya kwanza, na kote huko aliuona mkono uleule ukimletea sahani.

"Kula, mume wangu," Yudith akasema, akiusogeza mkia karibu. "Mafuta yanaganda."