Mwaka wa Kumnunia Makoti

Niliapa kumkomesha mke wa mwanangu, na kwa mwaka mzima niliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko nilivyowahi kufanya uuguzi.

Nilikuwa nimeshastaafu. Nyumba ni yangu, hapa Rosettenville. Aliniachia marehemu mume wangu, aliyenioa Morogoro akiwa mkimbizi aliyewakimbia makaburu, kisha akanileta kwao huku kusini. Mwanangu, mkewe na wajukuu wawili tunakaa pamoja. Uani nilikuwa na matuta manne ya mchicha na matembele. Kipupwe cha huku hakina huruma, kwa hiyo msimu huo kila jioni niliyafunika kwa mablanketi makuukuu, asubuhi nikayafunua.

Jumapili moja mwanangu alinichukua pamoja na wajukuu kwenda kuangalia wanyama. Mkewe alikuwa zamu kazini. Tuliporudi saa kumi jioni, matuta hayakuwepo. Uani kote kumetandazwa matofali, na vibarua wawili wanafagia mchanga.

"Eish, Mama, usinune basi," mwanangu aliniambia. "Makoti ndiye aliyetaka. Anasema magari hayana pa kukaa. Nimebishana naye nimechoka."

Makoti ndivyo wanavyomwita huku mke wa mwana. Niliamini pale pale, kwa sababu nilitaka kuamini.

Kizulu changu ni kizuri, nimewauguza watu kwacho miaka na miaka. Nikakifungia. Makoti akinisalimia, namjibu kwa Kiswahili ambacho hakijui, na mwanangu awe mkalimani wetu. Nikipakua chakula, sahani yake inakuwa ya mwisho. Adabu za kwao hazimruhusu kumjibu mama mkwe, nilizijua, nikazitumia. Kila mwisho wa mwezi aliniwekea mlangoni kopo la dawa ya kuchua. Nikaona ananiita kizee. Makopo yote niliyapanga mbele ya mlango wa chumba chake, yamefungwa vile vile, ayahesabu. Roho yangu ilisuuzika.

Kisha Jumapili nyingine tukaenda wote ziwani kuchoma nyama. Mwanangu akawasha mkaa, akaenda kununua barafu. Watoto walikuwa wanakimbiza bata. Tukabaki wawili kwenye mkeka, mimi nimempa kisogo.

"Mama," alisema kwa Kizulu, taratibu, "magoti bado yanakusumbua? Dawa huitumii. Na bustani ulimwambia mwanao aiondoe kwa ajili ya magoti hayo. Mimi nilisikitika. Nilishazoea mboga zako."

Magoti yangu hayajawahi kuniuma hata siku moja.

Nikageuka. Nikamuuliza kwa Kizulu hicho hicho, nilisema hayo lini, na kwa nani? Akaelekeza kidevu njiani. Halafu sote tukamtazama mwanangu akija na mfuko wa barafu begani, anapiga mluzi. Ndipo nilipokumbuka kwamba makoti haendeshi gari. Magari mawili yanayolala juu ya mchicha wangu ni ya mwanangu yote. Nilipita kando yake kila siku kwenda kuanika nguo, na sikujiuliza.

Pale ziwani nilikula nyama aliyoichoma mwanangu, tena nikamsifu.

Jumamosi iliyofuata nilimpa sururu. Alipotaja vibarua nikamwambia nyumba hii ni yangu, na matofali haya utayang'oa wewe, kwa mikono yako, mpaka la mwisho. Makoti na mimi tuliweka viti kivulini tukamwangalia. Lilikuwa jua la Januari. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Ila kila alipobeba tofali nilijua kwamba mengine nilistahili kuyabeba mimi, kwa sababu ya mwaka ule, na radhi nilikuwa bado sijamwomba yule aliyekaa pembeni yangu.

Karibu na adhuhuri mwanangu akaomba maji ya kunywa. Makoti akaanza kuinuka. Nikamshika mkono.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia kwa Kizulu. "Nitakuletea wewe."