Jicho Nililoliacha Kwenye Korosho

Iko siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Nilikuwa nimekaa uwanjani kwangu, hapa Chilangala, nachambua korosho, na mama yangu, kipofu, amekaa nyuma yangu. Nilikuwa na nguvu zangu bado, na kiburi kilichozidi gunia. Kijiji kizima kilijua: korosho mbovu haipiti mbele ya Mama Zuhura.

Wiki hiyo wataalamu wa macho walikuja zahanati. Nilikwenda kuomba dawa ya kuwashwa macho tu, nikilaumu salfa tunayopuliza kwenye mikorosho. Wakanipima, wakasema nina presha ya macho, na la kushoto limeshaanza kuliwa pembeni, halioni tena vya kando. Wakanipangia Alhamisi niende hospitali, Masasi, nikapigwe mwanga wa leza, maji ya ndani ya jicho yapate njia ya kutoka, presha ishuke.

Nikacheka. Jicho haliumi, ugonjwa uko wapi? Siku hiyo uwanjani, mbele ya majirani, nikamwaga korosho chini, nikatoa mbovu tatu bila kukosea. Nikawauliza mgonjwa ni nani. Wakanisifu, nami nikavimba.

Mara mama akauliza, "Binti, nani anatafuna makopa yako?"

Nikageuza kichwa chote. Mbuzi, mdomo umejaa muhogo wangu mkavu, hatua moja tu kutoka goti langu la kushoto. Kipofu alimsikia, mimi mwenye macho sikumwona.

Mama akasema taratibu, "Mimi nilipofuka kwa kutojua. Wewe umeambiwa. Alhamisi panda gari."

Nikamjibu nitakwenda korosho zikiingia ghalani. Zikaingia. Ukaja msiba, ikaja palizi, ukaja msimu mwingine. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku moja mdudu akaniingia jicho la kulia, nikalifumba, na dunia ikazimika kama chungu kilichofunikwa. Kumbe la kushoto lilikuwa limeshakufa zamani, kimyakimya, na mwenzake akilibeba.

Ndipo nikakimbilia Masasi. Unajua walinifanya nini? Kidevu juu ya mashine, matone ya ganzi, mwanga wa kijani ukamemetuka mara nyingi, basi. Muda wa kuchemsha chai. Hakuna kisu, hakuna damu. Nililia kwenye kiti kile, na si kwa maumivu. Daktari hakunificha: leza inalinda kilichobaki, kilichopotea hairudishi. Mpaka leo natia matone kila siku na kurudi kupimwa.

Niliporudi mama alinipapasa uso, hakunisuta. Bora angenisuta.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ni saba, na kila mmoja ananijia kwa upande wa kulia, maana huko kwingine simwoni.

Sasa sikia, mwanangu. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na wewe umetoka tumboni mwangu. Usingoje jicho liume, haliumi. Nenda kapimwe ungali unaona vizuri. Wakikwambia leza, nenda siku hiyo waliyosema, hata kama korosho zinaoza chini. Mkorosho utazaa tena mwakani, jicho halizai.

Mungu akulindie macho yote mawili, uje uwaone wajukuu zako, wa kulia na wa kushoto.