Aliyenishangilia Mlimani Muganza

Najua utasema ni jua. Wote niliowasimulia wamesema ni jua, hata daktari aliyenipima alisema ni jua na upungufu wa maji. Sawa. Jua lilikuwepo, silikatai, na jua la kule Bugarama si la kuchezea. Lakini jua halimshiki mtu mkono. Ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu mawili, karibu saa sita mchana, watu wakiwa mashambani wanalima. Nikiongeza hata neno moja, Mungu aninyime sauti.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Gihundwe, karibu na mji wa Kamembe. Nilikulia Bukavu, tukarudi Rwanda nikiwa msichana mkubwa. Kule Bukavu nilikuwa nakimbia sana. Kisha ikaja ndoa, wakaja watoto watatu, ikaja miaka kumi na mbili ya kukaa kwenye cherehani mpaka mgongo ukapinda. Nilipoanza tena kukimbia asubuhi, majirani walidhani nimegombana na mume wangu nataka kuhama nyumba.

Aliyenirudisha barabarani ni rafiki yangu Furaha. Yeye anakaa Bukavu, anauza unga wa muhogo, anavuka daraja la mpakani, Rusizi ya Pili, karibu kila siku. Ni mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa na magoti mabovu. Akipanda ngazi tano lazima asimame kwanza apumue. Namwambia hivyo mbele yake, hakasiriki.

Basi yakatangazwa mashindano ya barabarani huko Muganza, kwenye bonde la Bugarama, kilomita kumi na tano. Unatoka sokoni, unapita mashamba ya mpunga, unapanda mlima mpaka kwenye pipa jekundu, unalizunguka, unarudi. Wanawake watatu wa kwanza wangechaguliwa kwenda kukimbia Kigali kwa niaba ya wilaya. Watatu tu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilijua nikikosa mwaka huo, basi tena.

Tuliambiwa tutaanza saa moja asubuhi. Wakubwa wakachelewa. Tukasimama pale na namba zetu kifuani, jua likapanda, lami ikaanza kunuka. Tulianza saa tano kasoro. Nani anaanzisha mbio saa tano kasoro Bugarama? Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Furaha alikuja na moto, yaani pikipiki ya abiria, kavaa kitenge cha manjano na plapla, zile ndala za plastiki, kofia ngumu aliyopewa na motari, dereva wake, bado kichwani. Akanishika mabega. Yeye huniita yaya, ndivyo Bukavu wanavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, sikiya. Polisi banakataza moto zipite mu njia yenu. Miye na motari tutapita mu mipunga, tutakutangulia. Utaniona ku daraja, utaniona ku mulima, na hapa ku mwisho. Mara tatu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Filimbi ikalia. Nikamsikia nyuma yangu, sauti ile inayofika sokoni kote: "Kaza, yaya! Leo batakujua! Usiangalie nyuma! Kaza, yaya!"

Nikakaza.

Kilomita za mwanzo ni tambarare. Malori ya saruji yalikuwa yamesimamishwa pembeni na madereva walikuwa wanatupigia honi. Vumbi jeupe lilikuwa limekaa juu ya migomba. Nikafika kwenye daraja la mpunga, nikatafuta manjano. Furaha hakuwepo. Nikasema moyoni, ameshatangulia mlimani, huyu mwanamke na haraka zake.

Mlima ukaanza. Hapo wengi waliishiwa nguvu. Wanaume walikuwa wanatembea, mikono kiunoni. Mimi nikampita mmoja, nikampita mwingine, na alipotembea msichana mmoja wa Kamembe nikampita naye. Mtu wa pembeni akanipigia hesabu kwa vidole: nilikuwa wa nne kati ya wanawake. Wa tatu nilikuwa namwona, fulana nyekundu, labda mita mia mbili juu yangu. Nyuma yangu nilikuwa nasikia hatua nzito, pa, pa, pa. Yule nilimjua kwa jina tu: Vestine, mwanamke wa Muganza anayefanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha saruji. Alikuwa ananinyemelea tangu darajani na nilikuwa namchukia, sikufichi.

Fulana nyekundu ikapotea kwenye kona. Nami nikaingia kona. Pale mlima umekatwa, upande wa kushoto kuna ukuta wa mawe meupe, joto linakurudia usoni kama umefungua tanuru. Hakukuwa na mtu pembeni. Hatua za Vestine zikakatika, maana alikuwa hajaingia kona. Nikasikia:

"Kaza, yaya! Leo batakujua!"

Furaha. Kitenge cha manjano, plapla, amesimama kivulini chini ya ule ukuta. Moyo wangu ulifurahi, sijui nikuelezeje. Akaanza kukimbia pembeni yangu.

Nilicheka. Niamini, nilicheka kwa pumzi ile ndogo niliyokuwa nayo. Furaha anakimbia! Nikamuuliza, "Weye, magoti?"

"Kaza, yaya," akasema. "Leo batakujua."

Tukapanda pamoja hatua kama hamsini. Mimi nilikuwa nahema kama mbwa. Yeye hakuhema. Plapla za plastiki kwenye lami hupiga kelele, si unajua ile chapa-chapa? Sikuisikia. Nikamwangalia usoni pembeni: hakuna jasho, hata tone. Nikajiambia, ametoka kivulini sasa hivi.

"Darajani sikukuona. Moto iko wapi?"

"Usiangalie nyuma. Kaza, yaya. Leo batakujua."

Sauti ni yake. Lakini ilikuwa ileile ya pale sokoni, unanielewa? Ileile kabisa. Palepale alipopandisha sauti asubuhi akapandisha tena, palepale ilipokwaruza ikakwaruza. Kama mtu amekata kipande cha asubuhi akakileta mlimani.

Hapo nywele zilianza kunisimama. Ningepaswa kusimama nami. Mbona sikusimama? Kwa sababu alinishika mkono.

Alinishika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, na mkono wake ulikuwa baridi. Si baridi ya kutisha. Baridi tamu, ya maji ya mtungi uliokaa usiku kucha penye upepo. Ikapanda mpaka kwenye kiwiko, ikapanda begani, ikanizunguka shingo. Wewe umekimbia nusu saa ndani ya tanuru, ulimi umekauka, kisha mtu anakupa kitu kama hicho. Ungeukataa mkono? Mimi sikuukataa. Nilifumba macho kidogo. Miguu ikawa myepesi. Nilikuwa nakimbia na sichoki, na nikaona hata Kigali ni jambo dogo.

Nilipofumbua macho, lami haikuwepo.

Tulikuwa kwenye njia nyembamba ya changarawe nyeupe, majani marefu huku na huku. Sikumbuki kuiacha barabara. Mbele kulikuwa na mwanga mweupe tu, kama karatasi. Nilijua ni nini, maana asubuhi, tulipokuwa njiani kuja sokoni, nilikuwa nimeyaona mashimo ya zamani ya mawe, yaliyoachwa, marefu kwenda chini kuliko kanisa. Nilijua, na miguu haikusimama. Nikasema, "Furaha, tunaenda wapi?" Nilisema polepole, kama mtu aliye nusu usingizini.

"Usiangalie nyuma," akasema. "Usiangalie nyuma. Usiangalie nyuma."

Kitu kikanivuta fulana kutoka nyuma kwa nguvu, kola ikanikaba koo, nikaanguka chali. Mawe yalinichana mgongo. Juu yangu alikuwa Vestine, uso umekunjamana, machozi na jasho vimechanganyika.

"Simama! Simama, tutoke hapa!"

"Niache, niko na rafiki yangu..."

"Ule haiko muntu. Usimwite jina. Umemwita?"

"Nimemwita."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Usirudilie. Simama!"

Alinibeba zaidi ya kunisimamisha. Nikaangalia kule tulikokuwa tunaelekea. Kutoka nilipoangukia mpaka ukingoni mwa shimo palikuwa na hatua nne. Na pale ukingoni kilisimama kitenge cha manjano, kimetugeuzia mgongo. Upepo ulikuwa unapiga majani yote, yanalala na kuinuka. Kitenge hakikucheza. Kisha, bila kugeuka, kikasema kwa sauti ya Furaha, kwa upole, ile sauti anayotumia kuniaga jioni kwenye daraja la Rusizi: "Yaya."

Neno hilo peke yake Furaha hakuwa amelisema vile asubuhi. Sijui kitu kile kililitoa wapi.

Vestine alinifunika masikio kwa mikono yake miwili, mikono migumu yenye saruji kwenye kucha, akanisukuma hivyohivyo mpaka tukaikuta lami. Wanawake wawili walikuwa wametupita. Mzee mmoja aliyekuwa anapalilia maharage juu ya barabara alikuwa amesimama na jembe lake, anatutazama, kofia ameivua.

"Mzee, uliona nini?" nilimuuliza.

"Nilikuona weye," akasema. "Ulikuwa unasema peke yako, umenyoosha mukono kama mutoto anapelekwa masomo."

Tulikimbia tena. Utashangaa kwamba tulikimbia, lakini tungefanya nini? Njia ya kurudi nyumbani ni hiyohiyo. Tukalizunguka pipa, tukashuka pamoja, bega kwa bega, na tulipofika penye ule ukuta wa mawe Vestine akanishika mkono wa kulia kwa nguvu na akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa Kinyarwanda, bila pumzi, anakata maneno. Huku akiimba hakuangalia kushoto. Nami sikuangalia.

Chini kwenye mpunga ndipo aliponiambia. Alikuwa na mdogo wake, mchimba mawe, mtu mzima mwenye mke. Siku moja ya jua kali alitoka kazini na wenzake, akawaambia, "Ngojeni, mama ananiita na chakula." Mama yao alikuwa Gihundwe hospitalini siku hiyo, Vestine mwenyewe amekaa kitandani pake. Wenzake walimwona anaingia kwenye majani, anacheka. Walimtoa chini ya shimo jioni, ameshakufa.

"Nilipoona unageuka pale," akasema, "nilijua. Na nikaona fulana nyekundu iko mbele, amechoka, ningeweza kumupata."

Nikaelewa alichokitupa. Alikuwa wa tano, mimi wa nne, wa tatu anatembea. Angenyamaza angekwenda Kigali. Tulimaliza wa sita na wa saba. Mwishoni nilipunguza hatua ili yeye atangulie, naye akapunguza. Watu walicheka, walidhani tunafanya mchezo.

Furaha alikuwa pale mwishoni, matope mpaka magotini, analia.

"Yaya, nisamehe! Pneu ya moto ilipasuka mu mipunga. Tulisukuma moto saa nzima, sikukuona hata mara moja! Nimekuja kwa miguu."

Akanyoosha mikono anikumbatie. Nilipiga yowe. Nililia mbele ya watu wote, namkimbia rafiki yangu kinyumenyume kama mtu aliyeona nyoka. Uso wake ulivyobadilika, sitausahau. Vestine ndiye aliyemshika, akamgusa shavu, akaniambia, "Huyu ana joto. Huyu ni wako." Ndipo nikamwendea. Alikuwa ananuka jasho na tope na petroli, na mpaka leo sijui harufu nzuri kuliko ile.

Mchungaji wetu ameniombea mara tatu. Mume wangu haamini, lakini hanikatazi kusimulia. Ninachoweza kumwonyesha yeyote ni mkono wangu wa kushoto. Kutoka kwenye kifundo mpaka kiwiko hautoi jasho. Nikikimbia mwili wote unalowa, mkono huo unabaki mkavu, na mchana wa joto watoto wangu wanagombania kuulalia shavu. Daktari ameandika jina refu la Kifaransa. Nimeihifadhi karatasi hiyo, sijui kwa nini.

Bado nakimbia, Jumamosi, na Vestine. Yeye hupanda basi kuja Kamembe. Furaha huja kutushangilia lakini hapigi tena kelele. Husimama mbele kabisa barabarani ambapo namwona mzima, anapunga kitambaa, na nikifika ananipa mkono kwanza nionje joto lake.

Sasa sikiliza wewe unayekimbia, au unayetembea tu njia ya mlima jua likiwa kichwani. Akitokea umpendaye mahali ambapo hukumtegemea, muulize kitu cha leo, kitu ambacho hajawahi kukijibu. Akikurudishia maneno ya jana, usimpe mkono, na usimwite jina. Na usijidanganye kwamba utaogopa ukakimbia. Hapo ndipo watu wanapokosea. Mimi sikuogopa pale. Mbaya zaidi, nikikaa kwenye cherehani mchana, pasi ya makaa inawaka pembeni, shati limenigandia mgongoni, mara nyingine najikuta nimesimamisha mguu kwenye kanyagio, nimeinamisha kichwa upande wa mlango, nasikiliza kama kuna mtu ataniita.