Vikamba vya Bahari ku Arusi ya Vulamba

Mwanangu, usicheke. Hujazaliwa bado, na mama yako ni mwanafunzi tu wa sekondari, quatrième, hapa Butembo, mwenye haya hata ya kuomba chumvi kwa jirani. Mais siku moja naikumbuka sana. Acha nikuandikie ingali na moto.

Mwalimu wa biologie alitupatia exposé, kazi ya kusimama na kueleza mbele ya darasa: vikamba vidogo vya bahari vinakula nini, kila sehemu ya maji na chakula chake. Bahari, sisi watu wa milima! Tulikuwa wawili, mimi na Kahindo, na point, alama za mwalimu, ni moja kwa wote.

“Masika, ukinyamaza siku ile, ni zéro yetu sisi wote!” Kahindo alikuwa ananiambia kila asubuhi.

Jumamosi mimi na jamaa tukaenda arusi ya mama mudogo kule Vulamba. Nilikaa kando ya koko, mama ya baba, nikirudilia kifaransa changu chini-chini.

“Uko naomba rozari?”

“Hapana, koko. Ni majina ya sehemu za bahari.”

“Na mule ndani banakula nini?”

Nikatazama daftari: majina matupu. Akanipiga kakofi kadogo ku goti.

“Kumbe unajua milango yote ya nyumba, hata sufuria moja hujui! Soma tena, mutoto wangu.”

Nikasoma tena, safari hii nikifuata chakula, jicho moja ku batoto wenye kuvizia meza ya arusi.

Siku yenyewe nikasimama mbele ya darasa, na kifaransa chote kikakimbia. Kahindo akanikanyaga mguu. Basi nikashika ile arusi, nikaanza tu na Kiswahili:

“Karibu na inchi kavu, vikamba viko kama bamama ba jikoni: mito inaleta, majani madogo-madogo yanaota mu maji, vyenyewe vinachuja na kula palepale. Mbali, mu bahari kubwa, chakula iko mingi kule juu kwenye mwangaza. Mais samaki anaona. Samaki njo protocole, yule wa kulinda meza ya arusi. Donc muchana vinajificha chini. Giza ikiingia vinapanda kula, kama batoto wenye kungoja protocole ageuke. Na chini kabisa, jua haifike, hakuna kinachoota. Kule vinangojea kinachoanguka toka juu: mabaki, vilivyokufa, hata mavi.”

Darasa likalipuka.

“Paluku, wa kule chini njo weye!” mumoja wa nyuma akamwitia mwenzetu.

“Hapana! Mi niko wa katikati, mi napanda na giza!” Paluku akajibu.

Hata mwalimu alicheka. Akauliza: “Na kule chini hakuna protocole?”

“Iko, Monsieur. Hata gizani iko wenye kuvikula.”

Nilijibu, mwanangu. Mimi! Point ikawa nzuri, na Kahindo akanibeba mgongoni mpaka inje.

Kuwa na haya si zambi. Mimi ningali nayo. Mais jina tupu halikai kichwani siku ya woga. Kabla ya kushika jina la mahali, uliza nani anaishi pale na anakula nini. Kuuliza si ujinga. Na sauti ikitetemeka, iache itoke hivyo hivyo. Watu wanasema kinywa kilichofungwa, inzi haingii. Ni kweli, lakini chakula nacho hakiingii.

Mungu akupe chakula, mwanangu, na kinywa cha kukiomba.