Dalali wa Jino Langu

Kazi yangu miaka hiyo ya tisini, kabla tuk-tuk hazijaujaza mji wa Garissa, ilikuwa kufungua midomo ya wengine. Nilikuwa dalali mchanga katika soko la mifugo. Ng'ombe akiletwa, nilimshika pua, nikamfunua mdomo, nikatazama meno na kuutangaza umri wake kwa sauti. Akiwa na jino bovu nililitaja pia, mbele za watu, bila haya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na ingawa nguruwe hatuna uhusiano naye, methali hiyo ilinipata barabara siku gego langu la chini lilipoanza kuuma.

Nilijaribu kila kitu isipokuwa daktari. Nilibana karafuu, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikatafuna mswaki mpaka ukabaki nyuzi. Shavu likavimba hadi jicho likaanza kujifumba. Sauti ikagoma kutoka, na dalali asiye na sauti ni mtu tu aliyesimama vumbini. Wateja wangu wakaanza kwenda kwa wengine. Mwenzangu mmoja alinizunguka polepole, akanitazama vile ninavyowatazama ng'ombe, akasema, "Huyu hafiki Nairobi."

Abti, yaani mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenifundisha udalali, na ndiye aliyenipeleka hospitali. Nilikaa kwenye benchi vizuri tu, nikiwasalimu watu kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akaitwa mzee mmoja wa kijiji cha Kotile, mfugaji mwenye kifua kipana, na baada ya muda mfupi tukamsikia huko ndani akimwomba Mungu kwa sauti ya kuamsha mtaa. Sikungoja amalize dua. Nilitoka mbio, na sikusimama mpaka daraja la Tana.

Niliogopa, kwa nini nifiche? Wala si maumivu niliyoyaogopa, maana hayo nilikuwa nayo tayari. Niliogopa kulazwa chali, mdomo wazi, mtu ananishughulikia nami siwezi kubishana. Tangu utotoni nilikuwa nimejiokoa kwa maneno.

Abti alinikuta kibandani nikipambana na chai. Hakunikaripia. Aliketi, akaagiza yake, akaniambia kwa Kisomali chake cha taratibu, "Kwani mdomo wa nini, abti? Sokoni tunauzaje?" Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo.

Sokoni tunauza kwa vidole. Mnunuzi na dalali hushikana mikono chini ya shuka, wenye macho wasione, na bei huenda na kurudi kwa kubana vidole. Hakuna anayetamka neno. Mkono ukishapigwa, biashara imekwisha. Dalali atakayegeuka baada ya hapo atafute kazi nyingine, na wanawe pia.

Kesho yake tulirudi. Daktari alikuwa kijana mrefu aliyetoka Kenya, kama tulivyopaita kila mahali ng'ambo ya daraja. Nilipolazwa kwenye kiti kile, abti alivua shuka lake begani, akanifunika magoti, akaushika mkono wangu chini yake. Kisha akamgeukia daktari na Kiswahili chake cha sokoni.

"Daktari, lete mkono. Ogoba nini? Sisi nafanya biashara."

"Biashara gani tena, mzee?"

"Hii jino. Wewe nanunua, yeye nauza. Mimi dalali. Semeni nguvu ngabi utavuta, mara ngabi."

Daktari aliutazama mlango, akalitazama koleo, akautia mkono chini ya shuka. Sidhani alifundishwa hivyo chuoni.

Nilibana kidole kimoja cha abti: daktari avute mara moja tu. Abti akaupeleka ujumbe. Jibu likarudi mkono mzima. Mara tano! Jino moja, si mbuyu! Hasira ikanipanda, na ilipopanda niligundua woga umesogea kuipisha. Nilirudisha viwili. Akashuka hadi vinne. Kwa mtu wa Kenya, alikuwa na kipaji. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshanidunga sindano katikati ya mabishano, nami sikujua mpaka mdomo ulipopotea usoni. Hatimaye tukakutana kwenye vitatu.

"Bismillahi," abti akasema, akaupiga mkono wangu, akaupiga wa daktari. "Imekwisha."

Sasa ningekimbilia wapi? Mkono ulikuwa umepigwa. Nilifunua mdomo kama ng'ombe yeyote mwenye adabu, na daktari akavuta. Niliona nyota mchana. Abti hakuuachia mkono wangu, na hapo, chini ya shuka, nikahisi kitu ambacho sikukitarajia: kiganja chake kimelowa jasho, na vidole vile vilivyonifundisha kazi vinanibana bila kutaja bei yoyote. Nikakumbuka jinsi anavyoikata nyama vipande vidogo vidogo, na kutafuna upande wa kulia tu, miaka yote ninayomfahamu.

Mvuto wa pili, jino likatoka. Daktari aliliinua kwenye mwanga, akaridhika nalo.

"Tulikubaliana mitatu," akasema. "Umebaki mmoja."

Abti alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu ambavyo alikuwa amevivaa. Niliteremka kitini, nikamshika bega, nikamkalisha palepale taratibu, nikalitandaza shuka juu ya magoti yake.

"Abti," nikasema kwa mdomo uliojaa pamba, "lete mkono."